Matandiko ya mayai ya kinyonga na kobe: maji kiasi gani, na ndani ya nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Kwale, nina bustani ndogo ya nyoka, kinyonga na kobe ya kuonyesha wageni. Kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) ninacho. Kinyonga wetu mmoja, wale wa kawaida wa huku pwani, ametaga mayai 36. Kobe naye ametaga tisa. Mitandaoni kila mtu anasema niyaweke kwenye vemikulaiti, yale madini mepesi ya vitalu yanayoshika maji, uzito sawa na maji, lakini huku siipati. Ya kinyonga nimeyaweka kwenye vumbi la makumbi ya nazi nililopewa na wasokota kamba, nikalilowesha mpaka nikilifinya linatoa tone. Ya kobe nimeyafukia kwenye mchanga wa mto ndani ya beseni, nanyunyiza kila ukikauka. Sasa ni wiki ya tatu. Mayai ya kinyonga yamebonyea, na ya kobe mawili yamepasuka yakatoa ute. Agroveti ya Ukunda ina pelaiti, zile chembe nyepesi za volkano. Nibadilishe matandiko, niongeze maji au nipunguze?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwanza la kufanya leo, maelezo yatafuata. Mayai ya kinyonga yatoe kwenye hayo makumbi uyahamishie kwenye pelaiti: gramu 300 za pelaiti kavu kwa gramu 240 za maji ya mvua, vyote vipimwe kwa mizani. Mayai saba ya kobe yaliyosalia yaache papo hapo, ila usinyunyize tone jingine. Yale mawili yaliyopasuka yatoe, maana yataoza na kuita nzi.

Kabla hujagusa yai lolote litie alama ya penseli upande wa juu, na upande huo ubaki juu mpaka siku ya kuanguliwa. Usitumie kalamu ya wino mzito. Yai la kuku lina kamba za ute zinazoshikilia kiini katikati, ndiyo maana kuku huyageuza mayai yake bila hasara. Yai la mtambaazi halina kamba hizo. Ndani ya siku moja hivi tangu kutagwa, kiinitete hupanda juu na kujishikiza kwenye utando wa ndani ya ganda. Ukiligeuza baada ya hapo, unakipindua kikiwa kimeshikamana na mahali pake, na mara nyingi hufa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Makumbi yako yamelowa hadi yanatoa tone, na mayai yaliyomo yanakauka. Mchanga wako unaonekana mkavu kila siku ya pili, na mayai yaliyomo yanapasuka kwa maji. Mkono wako umekudanganya mara mbili, na haukosi kudanganya watu wengi wanaofuata maelekezo ya "finya uone". Mkono hupima maji yaliyomo kwenye matandiko. Yai lina habari na maji linaloweza kuyavuta.

Kila kitu chenye unyevu hushikilia maji yake kwa nguvu fulani. Wataalamu wa udongo hupima nguvu hiyo kwa kilopaskali; hapa nitaiita mvuto. Maji safi yaliyo huru kwenye kikombe yana mvuto sifuri. Majimaji ya ndani ya yai, kwa sababu ya chumvi na protini zake, yana mvuto wa kama kilopaskali 700 hadi 800. Vemikulaiti ya kawaida ikichanganywa na maji ya uzito ulio sawa nayo huwa na mvuto wa karibu 150 hadi 200. Maji huelekea palipo na mvuto mkubwa zaidi. Kwa hiyo yai lenye ganda laini likikaa kwenye vemikulaiti hiyo, 700 kwa 150, yai ndilo linalovuta, nalo hunenepa. Hiyo ndiyo siri yote ya "uzito sawa na maji". Ni kanuni ya vemikulaiti peke yake. Ukiichukua ukaipeleka kwenye mchanga utazamisha mayai, na ukiipeleka kwenye makumbi makavu utayakausha, kwa sababu makumbi hunywa maji yanayolingana na uzito wake na kuyashika kwa nguvu nyingi, hata yai lisipate kitu.

Lakini wewe hukuweka uzito sawa, uliweka mengi zaidi, hadi tone. Basi kwa nini mayai yamebonyea? Nashuku chumvi. Umesema vumbi ulipewa na wasokota kamba. Kamba ya usumba hutengenezwa kwa makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa miezi, maji ya bahari yakiyapanda na kuyashuka, mpaka yalainike. Akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja wangali wakifanya hivyo mpaka leo. Baadaye hutwangwa, nyuzi zikaenda kwenye kamba, na vumbi likabaki. Vumbi hilo limebeba bahari ndani yake. Maji ya bahari yana mvuto wa takriban kilopaskali 2,400, mara tatu ya yai au zaidi. Piga hesabu: maji yaliyomo kwenye vumbi lako yakiwa na theluthi moja tu ya chumvi ya bahari, mvuto wake ni kama 800, sawa na yai au zaidi. Hapo unaweza kuloweka mpaka beseni limwagike na yai bado litanywewa maji yake. Ni kiu ya mtu aliyezungukwa na bahari.

Kuhakikisha ni rahisi. Loweka konzi ya vumbi hilo kwenye maji ya mvua kidogo, ukamue, uonje yale maji kwa ncha ya ulimi kisha uteme. Ukitaka namba, mashamba mengi ya maua na vitalu vya miche vina kile kipimo kidogo cha EC, kinachoonyesha chumvi iliyomo kwenye maji kwa jinsi yanavyopitisha umeme. Maji ya kukamua yakisoma zaidi ya 0.5 (kwa mS/cm), sitayaamini kwa mayai. Na ukiwa hapo hapo pima pia maji ya kisima chako. Visima vingi vya pwani vina chumvi ambayo ulimi uliozoea hauisikii tena. Mimi kwa mayai natumia maji ya mvua tu, na mvua ikikosekana, maji yaliyotoneshwa ya betri ambayo hayana asidi. Soma kibandiko vizuri, maana dukani chupa hizo mbili hukaa pamoja.

Vumbi la makumbi lenyewe si baya, na sitaki ulitupe. Lioshe. Tuseme vumbi lako likilowa na kukamuliwa hubaki na lita moja ya maji. Ongeza lita nne za maji ya mvua, koroga, acha saa moja, kamua mpaka ibaki ile lita moja. Chumvi imeshuka hadi sehemu moja ya tano. Rudia mara ya pili, imebaki moja ya ishirini na tano. Mara ya tatu, moja ya mia na ishirini na tano, na hiyo haimdhuru yeyote. Kisha lianike juani mpaka uzito wake uache kupungua, ndipo ulihifadhi. Siku ukilitumia kwa mayai yenye ganda laini, anza na maji mara mbili na nusu ya uzito wa vumbi kavu. Likifinywa kwa nguvu lishikamane kama kidonge bila kutoa tone, na kidonge kikiguswa kwa kidole kivunjike. Mkono hapa unafaa kwa sababu umeshajua uzito na umeshaondoa chumvi. Mkono peke yake ndio ninaoukataa.

Kabla ya kwenda kwenye mchanga, lazima tuzungumze ganda, kwa sababu hapo ndipo kobe na kinyonga wanapoachana.

Yai la kinyonga, la nyoka na la mijusi wengi lina ganda kama ngozi. Hunyumbulika, hupitisha maji kwa wepesi, na mama hulitaga likiwa halina akiba ya kutosha. Anategemea udongo umalizie. Yai likienda vizuri huongezeka uzito kadiri wiki zinavyopita, pengine hadi maradufu. Yai la kobe wetu wa nchi kavu na la mamba lina ganda gumu la chokaa. Lina maji yake karibu yote tangu siku ya kwanza, na kazi ya matandiko ni kulizuia lisiyapoteze haraka. Hewa hupita kwenye vitundu vidogo vya ganda. Ukivijaza maji, kiinitete hukosa pumzi. Na ute ukivuta maji ndani ya ganda lisilonyumbulika, ganda hupasuka, kama ulivyoona.

Ukitaka ushahidi wa jinsi ganda gumu lisivyohitaji matandiko, inua picha yoyote iliyotundikwa ukutani kwako. Mjusi kafiri hubandika mayai yake mawili pale nyuma, kwenye saruji kavu, nayo huanguliwa salama.

Tofauti hii ilipimwa vizuri na Gary na Mary Packard wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, tangu miaka ya 1970. Waliweka mayai ya kobe wa majini kwenye vemikulaiti yenye mivuto tofauti. Kwa spishi zenye ganda linalonyumbulika, mayai yaliyokaa kwenye unyevu zaidi yalichukua siku nyingi zaidi kuanguliwa, yakatumia kiini chao vizuri zaidi na yakatoa watoto wakubwa zaidi. Kwa kobe wa majini mwenye mgongo laini, ambaye yai lake ndilo gumu, unyevu haukubadilisha sana ukubwa wa mtoto. Kwa hiyo mtu akikuambia "mayai ya kobe yanataka unyevu", muulize kobe yupi.

Sasa mchanga. Huu ndio unaowaponza wengi, kwa sababu unaonekana wa asili na ni wa bure. Mchanga hushika maji kidogo sana, na hushika kwa ulegevu. Asilimia nne au tano ya uzito wake tayari ni unyevu mwingi kwa yai. Ukifika asilimia kumi hivi, yanayozidi hayashikwi tena, hushuka chini. Kwenye ardhi hushuka yakaenda zake. Kwenye beseni lisilo na tundu hushuka yakakaa. Wewe unaangalia juu, unaona mchanga umepauka, unanyunyiza, na kila kikombe kinaongeza dimbwi lililo chini, ambako umefukia mayai. Chukua beseni lenye kilo tano za mchanga: vikombe viwili vya chai, nusu lita, ni asilimia kumi nzima. Ndani ya wiki tatu sidhani umeweka vikombe viwili tu.

Ndiyo sababu nimekuambia usiyahamishe mayai ya kobe. Tatizo ni maji, na maji yataondoka yenyewe ukiacha kuongeza. Toboa matundu machache pembeni ya beseni, chini kabisa, kwa msumari uliopashwa moto. Fanya polepole, beseni lisitikisike. Juu ya mayai fukua mchanga taratibu kwa kijiko hadi nusu ya kila yai ionekane, ndipo hewa ilifikie. Beseni liweke ndani ya sanduku kubwa lenye kifuniko, na pembeni mwa beseni, ndani ya sanduku hilo, weka kikombe cha maji. Unyevu wa hewa ndio utakaolinda mayai, mchanga ubaki wa kuyashikilia tu yasibingirike. Ukiwa na kile kipimo cha unyevu cha bei rahisi, asilimia 70 hadi 80 yatosha.

Utaniambia: mbona kobe wa porini akichimba humwaga mkojo mwingi kwenye shimo? Ni kweli, hulainisha ardhi ngumu ya kiangazi. Lakini maji yale hunywewa na udongo unaozunguka shimo, hayana beseni la kuyazuia. Na mbona kasa hutaga mchangani, tena karibu na bahari? Kasa ana yai linalonyumbulika, hulifukia nusu mita au zaidi, juu ya alama ya maji makuu, kwenye ufuo unaochuja mchana na usiku. Ukiweza kuniletea ufuo mzima ndani ya sanduku, nitakuruhusu utumie mchanga.

Kuhusu vitu vingine utakavyosikia vikisifiwa, nitapita haraka. Udongo wa shambani acha. Mfinyanzi unaweza kuwa na maji asilimia ishirini na bado ukawa mkavu kwa yai kwa jinsi unavyoyashika, na huja na sisimizi, minyoo na kuvu. Unga wa mbao na maranda nao acha. Hujui mbao ilitiwa dawa gani, na kuvu huupenda. Pamisi, yale mawe mepesi ya volkano yanayochimbwa upande wa Longonot na Naivasha, ni safi na hupitisha hewa vizuri. Ikisagwa ndogo na kuoshwa inafaa kwa mayai ya kobe, ila kwa kinyonga chembe zake huwa kubwa mno, yai linagusa hewa zaidi ya unyevu.

Vemikulaiti bado naiona bora kwa mayai ya ganda laini, kwa sababu majani yake membamba yanashika maji katikati na kuyaachilia polepole, wala haiozi. Na haitoki mbali kama unavyodhani: Uganda ina machimbo yake Namekara, karibu na Tororo, na Afrika Kusini inaichimba Palabora. Waulize wauzaji wa vifaa vya vitalu Mombasa au Nairobi, gunia moja hudumu miaka. Ukikuta mtu anakupa mfuko wa zamani kutoka Marekani, ukatae. Mgodi wa Libby huko Montana, uliofungwa mwaka 1990, vemikulaiti yake ilichanganyika na asbesto, ambayo ni hatari kwa mapafu.

Pelaiti ndiyo unayoipata, kwa hiyo tuijue. Ni kioo cha volkano kilichopashwa moto kikavimba kama bisi. Haina virutubisho, kuvu hawapati chakula, na hewa hupita vizuri kuliko kwenye makumbi. Udhaifu wake ni kwamba maji hukaa zaidi juu ya chembe na katikati yake, kwa hiyo akiba yake hupungua haraka na ziada hushuka chini. Ndiyo maana nimekupa 300 kwa 240 na si uzito sawa. Chukua ya chembe ndogo hadi za wastani, ichekeche vumbi litoke, na ufunge kitambaa mdomoni. Vumbi lile halifai mapafuni.

Kwa nini gramu 300 nzima kwa vimayai 36 vidogo hivyo? Hapa wengi hukosea hata wakipima maji sawasawa. Tuseme kila yai lina gramu moja na litafika mbili. Hizo ni gramu 36 za maji zitakazotoka kwenye matandiko kuingia kwenye mayai. Ungetumia gramu 50 za pelaiti na 40 za maji, mayai yangemaliza karibu yote katikati ya safari. Kwenye 240 yakitoa 36, hubaki 204, na hali haijabadilika sana. Ujazo wake ni kama lita tatu, kwa hiyo sanduku la plastiki la lita tano lenye kifuniko linatosha.

Na kuna mtego mmoja kwenye mizani. Ukipima sanduku zima kila wiki, uzito uliopungua ni maji yaliyotoroka hewani, nayo unayarudisha gramu kwa gramu. Lakini maji yaliyoingia kwenye mayai hayajatoka sandukuni. Mizani itakuambia hakuna kilichopungua, kumbe matandiko yamekauka na mayai yamenenepa. Ukiona mayai yamevimba sana kuliko yalivyokuwa, ongeza kidogo, kama gramu kumi hivi, hata kama uzito haujashuka. Mimina pembeni ya sanduku kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maji yawe ya joto la chumba, na yasilifikie yai lolote.

Uhamishaji wenyewe uwe hivi. Changanya pelaiti na maji jioni, funika, acha usiku kucha ili unyevu usambae. Asubuhi bonyeza vishimo kwa kidole gumba, vyenye nafasi ya upana wa kidole kati ya kimoja na kingine. Chota kila yai kwa kijiko pamoja na makumbi kidogo, alama ya penseli juu, uliweke nusu ndani nusu nje. Usilioshe. Yaliyoshikana yaache yameshikana. Toboa vitundu viwili vidogo kwenye kifuniko, na kila wiki ukipima, fungua dakika chache hewa ibadilike.

Mayai yaliyobonyea usiyahurumie kwa kuyaloweka. Yakivuta maji kwa kishindo hupasuka. Kwenye pelaiti hiyo yatajirudi polepole, mengine kwa siku chache, mengine kwa wiki kadhaa. Yale yaliyokuwa matupu tangu mwanzo yatanyauka, yageuke ya njano na kuota manyoya ya kuvu, hayo yatoe. Kuvu akitokea juu ya yai lililo gumu na jeupe, mfute kwa kitambaa kikavu uendelee; kuvu humla maiti kwanza, na mara nyingi yai zima humshinda.

Kinyonga wako, kama ni yule wa kawaida wa pwani, hutaga mayai ambayo kiinitete chake bado ni kichanga mno, na kinaweza kukaa hivyo kwa muda mrefu kabla hakijaanza kukua kwa kasi. Hesabu miezi mingi, hata kukaribia mwaka. Ukimulika kwa tochi mwezi wa pili usione mshipa, usikate tamaa wala usitupe. (Wageni wakikuuliza kwa nini yule wa pembe tatu wa Mlima Kenya ana haraka zaidi, waambie yeye hatagi kabisa, huzaa watoto hai.) Nyuzi 24 hadi 28 zinamfaa, kwa hiyo sanduku lake lisiingie kwenye mashine ya kutotolea; liweke chumba chenye ubaridi, kwenye meza fupi ambayo miguu yake imesimama ndani ya makopo ya maji, maana siafu wakilipata hutaandika tena kuuliza.

Kobe anapenda joto zaidi, 29 hadi 31. Chini ya 30 huelekea kutoa madume, 31 hadi 32 huelekea kutoa majike. Miezi minne na nusu hadi sita ni kawaida kwenye mashine, porini huweza kupita mwaka. Joto litoke pembeni au juu. Likitoka chini, hukausha matandiko ya chini na kupandisha mvuke unaogandamana kwenye kifuniko, na stima ikipotea usiku kifuniko hupoa, matone yakaanza kudondokea mayai moja kwa moja. Inamisha sanduku upande mmoja, au weka kifuniko chenye mteremko, matone yateremkie ukutani. Matone hayo peke yake yameua mayai mengi ya kobe huku pwani ambayo mchanga wake ulikuwa sawasawa.

Utajuaje kama umepatia? Kwa kinyonga, yai likiwa limejaa, jeupe, likiguswa ni gumu kidogo kama mpira, sawa. Likibonyea katikati ya safari, ongeza maji kidogo kidogo. Likikaza mno, liking'aa na kutoa vijitone kwenye wiki za mwanzo, matandiko yamelowa mno; acha kifuniko wazi saa chache kwa siku mpaka uzito ushuke gramu kama 20. Vijitone vikija mwishoni, na yai likilegea baada ya miezi mingi ya kuwa gumu, usifanye lolote. Mtoto anajiandaa kutoka.

Kwa kobe tumia tochi ndogo gizani, bila kuinua yai. Kuna nafasi ya hewa upande wa juu. Ikikua polepole, sawa. Ikikua kwa haraka, unyevu wa hewa umepungua, ongeza kikombe cha pili. Nyufa mpya zikitokea licha ya mchanga kukauka, zitazame tu kwa siku chache: ufa usiotoa ute unaweza kuvumilika, na wapo watoto waliotoka wazima kwenye mayai ya namna hiyo. Mtoto akishatoboa ganda, usimvute. Kobe huweza kukaa siku mbili tatu na kichwa nje akimaliza kunywa kiini kilichobaki tumboni, na ukimtoa mapema kiini hupasuka.

Baada ya wiki mbili niandikie vitu vitatu: uzito wa sanduku la kinyonga siku ya kwanza na siku ya kumi na nne, ni mayai mangapi kati ya 36 yamejirudi, na yale maji ya kukamua makumbi yalisoma EC ngapi. Kama EC ilikuwa chini ya 0.5 basi nimeshuku chumvi bure, na itabidi tulitafute kosa kwenye afya ya mama na chokaa anayopewa.